Falsafa ya Wagiriki wa kale kwenye sanamu za siku hizi: tukiacha vichwa vyenye ndevu, kuna nini?

Patasi_Butu

Habari wakuu. Nasomea uchongaji, zaidi mbao na chuma, na kazi yangu ya kumalizia masomo nimeamua itokane na falsafa ya Ugiriki ya kale. Toka nimeanza kuwasoma hawa jamaa, hasa wale waliomtangulia Socrates, kila baada ya kurasa chache nakutana na mtu anaongelea vitu vya karakana, moto, maji, jiwe, shaba, kitu kugeuka kuwa kitu kingine, kitu kubaki kilekile huku kinabadilika, yaani unaona kabisa hawa watu walikuwa wanafikiri huku macho yako kwenye vitu.

Sasa nikitafuta mifano ya sanamu ninachopata ni vichwa tu. Plato, Socrates na pua yake bapa, mzee kajitanda shuka kashika gombo. Ufundi upo, sibishi, ila ukiondoa jina lililoandikwa pale chini falsafa yote imeondoka nalo, anaweza kuwa mzee yeyote mwenye ndevu.

Swali langu: kuna wachongaji wa sasa au wa miaka ya karibuni ambao wazo lenyewe limeingia ndani ya kazi, kwenye jinsi ilivyoungwa, inavyosimama, inavyojishikilia? Sitafuti kitu cha kuiga, nataka kuelewa wazo linatokaje kwenye kitabu mpaka likaingia kwenye chuma. Hata majibu yawe marefu nitasoma yote.

Fundi Pembe

Mkuu hili swali nimelisubiri muda mrefu humu. Anza na Conrad Shawcross, Mwingereza, bado yupo na anafanya kazi. Mwaka 2015 aliweka kazi kwenye ua wa Royal Academy kule London, inaitwa The Dappled Light of the Sun, ni mawingu ya chuma yamesimama juu ya miguu myembamba, unapita chini yake na kivuli kinaanguka vipande vipande mpaka mwilini mwako. Mawingu yote yameungwa kwa umbo moja tu, piramidi ya nyuso 4, kila uso pembetatu yenye pande sawa.

Kwa nini hiyo piramidi? Kwa sababu ya Plato. Kwenye kitabu chake kinachoitwa Timaeus anasema vitu vimejengwa kwa maumbo, moto ni hiyo piramidi ya nyuso 4 maana ndiyo nyepesi na yenye ncha kali kuliko zote na ndo sababu moto unachoma, ardhi ni mchemraba maana unatulia, hewa ni umbo la nyuso 8, maji nyuso 20, na la tano lenye nyuso 12 likatumika kwa ulimwengu mzima. Sasa pazuri kwa mtu wa karakana ni hapa, haya maumbo yanavunjika na kuungwa upya. Chukua umbo la maji, lina pembetatu 20, livunje, unapata moto mmoja wa pembetatu 4 na hewa mbili za pembetatu 8 kila moja, haibaki hata moja wala haipungui. Hiyo hesabu ni ya Plato mwenyewe, ipo kwenye maandishi yake. Ardhi peke yake haiingii kwenye huo mzunguko kwa sababu miraba yake imetokana na pembetatu za aina nyingine, kwahiyo ardhi ikisambaratika itakuja kuwa ardhi tena tu.

Alafu kuna kitu kingine ambacho kwangu ndo kinaifanya kazi ya Shawcross iwe kubwa. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliandika kwamba hizo piramidi zikipangwa pamoja zinajaza nafasi bila kuacha upenyo, sawa na michemraba, na watu wakalibeba hilo kwa karne nyingi sana. Sio kweli. Kata piramidi tano za kadibodi, zote saizi moja, zipange zizunguke ukingo mmoja. Ya tano ikikaa utaona kuna mwanya mwembamba umebaki. Pembe kati ya uso na uso ni digrii 70.5, mara tano unapata kama 352.6, na mzunguko unataka 360, kwahiyo digrii 7 na kitu zinakosa wa kuzijaza. Huo mwanya usiupite haraka. Ukiendelea kupachika piramidi juu ya piramidi haziji kukutana sawasawa, lundo linakua kwa kupinda, kila tawi linaenda kwake, na ndo maana yale mawingu yanaonekana yana uhai wakati kila kipande ni kigumu na kimenyooka. Plato alitaka umbo safi la kujengea vitu vyote, chuma kinakuonyesha umbo safi linazaa kitu kisichotabirika.

Angalia na kazi yake nyingine, Paradigm, ya 2016, iko nje ya Francis Crick Institute hukohuko London. Piramidi zimepandana zinazidi ukubwa kadiri zinavyopanda, karibu mita 14, chini nyembamba juu pana.

Nuru wa Karakana

Fundi Pembe yuko sawa ila mi nisingeanza na maumbo, ningeanza na nguvu. Mtafute Takis. Jina lake kamili Panayiotis Vassilakis, Mgiriki, kazaliwa Athens 1925, kafariki Agosti 2019 wakati maonyesho yake makubwa bado yanaendelea Tate Modern, makumbusho ya sanaa kule London.

Aristotle kwenye kitabu chake cha roho anatusimulia kwamba Thales, mmoja wa wale waliomtangulia Socrates, alisema sumaku ina roho kwa sababu inasogeza chuma. Wengi wanaisoma hiyo sentensi wanacheka wanaendelea. Mi naona ni sentensi ya mtu aliyekaa na sumaku mkononi akaona kitu ambacho sisi tumekizoea mpaka tumeacha kukiona, jiwe linafanya kitu kingine kitembee bila kukigusa! Sasa Takis alichofanya toka mwishoni mwa miaka ya 1950 ni kuturudisha pale. Anachukua kipande cha chuma chenye ncha anakifunga kwa waya mwembamba au uzi, upande wa pili anaweka sumaku. Chuma kinavutwa, uzi unakaza mpaka umenyooka kabisa, ila hakifiki. Kinabaki hewani, sentimita chache toka kwenye sumaku, na upepo kidogo tu kinatetemeka. Unajikuta umesimama unaangalia ule mwanya ambao hauna kitu, wakati ndio unaobeba kazi nzima. Ukikata uzi kinagonga sumaku na sanamu imekufa, ukiondoa sumaku kinaanguka na sanamu imekufa, kwahiyo uhai wake wote uko kwenye kutofika.

Na hakuishia kwenye vyuma. Novemba 1960 kwenye galeri ya Iris Clert kule Paris alimtundika mtu hewani kwa msaada wa sumaku, mshairi wa Afrika Kusini Sinclair Beiles, akiwa hapo juu akasoma maneno ya kujitangaza kwamba yeye ni sanamu. Hiyo ni miezi kadhaa kabla Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, hajarushwa, Aprili 1961.

Kwahiyo kwenye lile swali la wazo linaingiaje kwenye chuma, mi nakushauri usichukue mwanafalsafa, chukua sentensi yake moja. Alafu tafuta malighafi ambayo inafanya kile sentensi inasema, ifanye kweli mbele ya mtu, isikielezee. Jannis Kounellis ni mfano mwingine, kazaliwa Piraeus 1936, akahamia Roma akiwa na miaka 20, na 1967 akatengeneza ua la chuma ambalo katikati yake linatoka moto wa gesi, moto wenyewe, unauona na unausikia unavuma. Ukisimama pale nadhani ni vigumu usimkumbuke Heraclitus, naye ni wa kabla ya Socrates, aliyesema ulimwengu huu ni moto wa milele unaowaka kwa vipimo na kuzimika kwa vipimo. Sasa mtungi wa gesi na koki yake ni nini kama sio kipimo?

Mzee wa Marumaru

Wanangu nimewasoma wote kwa furaha lakini kuna mahali mnaenda mbio mno. Huyu kijana kasema kichwa chenye ndevu hakina falsafa na nyote mmempitisha bila kumuuliza.

Xenophon, mfuasi wa Socrates, kaandika jinsi Socrates alivyokwenda karakana ya mchongaji mmoja anaitwa Cleiton. Kumbuka Socrates mwenyewe anasemekana ni mtoto wa mchonga mawe, baba yake Sophroniscus, kwahiyo hakwenda pale kama mgeni. Akamsifu Cleiton kwa wakimbiaji wake na wapiganaji wake, akamuuliza, unafanyaje mpaka wanaonekana hai? Wakazungumza misuli inayovutwa na inayolegea, viungo vinavyobanwa na vinavyoachiwa, alafu wakafika kwenye macho, ya anayepigana yawe na ukali, ya aliyeshinda yawe na furaha. Mwisho Socrates anasema basi mchongaji anapaswa kuonyesha kazi za roho kupitia umbo la mwili. Hiyo ni falsafa ya sanamu imetoka mdomoni mwa mwenye falsafa, na inahusu mwili wa mtu, haihusu sumaku wala piramidi.

Ukienda Agora, uwanja wa soko wa kale pale Athens, utakuta kazi ya Wu Weishan, Mchina, imewekwa 2021, Socrates na Confucius, mwanafalsafa wa China, wamesimama pamoja, bronzi. Hawa wawili hawakuwahi hata kuvuta hewa moja, Confucius kafariki 479 KK, Socrates kazaliwa kama miaka tisa baadaye. Mchongaji kawakutanisha, na uso wa shaba ameuacha una makovu ya vidole na udongo, hakuupiga msasa ukalainika. Mkiniambia hakuna wazo mle ndani siwezi kukubali. Kuwaweka watu wawili wasioweza kukutana wakaelekeana, hapo hapo kwenye uwanja ambao mmoja wao alikuwa anashinda akiuliza watu maswali, hilo tayari ni jambo la kufikirisha.

Na Thessaloniki kuna sanamu ya Aristotle ameketi, kwenye uwanja wenye jina lake. Kidole chake cha mguu kinang'aa, watu wanakisugua wakiamini watapata akili kidogo. Huyu ndiye aliyefungua kitabu chake cha Metafizikia kwa kusema binadamu wote kwa asili yao wanatamani kujua, na ushahidi wake ni jinsi tunavyopenda hisi zetu. Na ndiye kila akitaka kueleza kitu kinatokana na nini, mfano wake ni shaba na sanamu: shaba ndiyo sanamu inatokana nayo, umbo ni kingine, aliyeitengeneza ni kingine, na lengo ni kingine. Kijana, hizo sababu nne ziandike ukutani kwako kabla hujawasha mashine ya kuchomelea. Kazi nyingi za siku hizi nazoziona zina ya kwanza na ya tatu, hapo hapo zinaishia.

Hoja na Jibu

Mimi sio mchongaji nimesoma falsafa, naomba niingize neno maana naona Plato anatajwa humu kana kwamba alikuwa rafiki wa wachongaji. Hakuwa! Kwenye kitabu cha 10 cha Jamhuri anasema kuna vitanda vitatu, wazo lenyewe la kitanda, kitanda cha seremala, na kitanda cha mchoraji ambacho kiko mbali zaidi na ukweli. Na kwenye kitabu chake kingine, Sophist, anawagusa nyie moja kwa moja, anasema wanaotengeneza kazi kubwa sana hawafuati vipimo vya kweli, kwa sababu wakivifuata sehemu za juu zitaonekana ndogo kupita kiasi na za chini kubwa, kwahiyo wanaviacha vipimo vya kweli na kutoa vinavyoonekana vizuri kwa anayetazama toka chini. Kwake huo ni aina ya udanganyifu.

Sasa kama unataka kumjibu Plato, na sio kumpamba, hapo ndo pa kuingilia. Joseph Kosuth 1965 aliweka kiti, picha ya hichohicho kiti saizi yake, na maana ya neno kiti toka kwenye kamusi, vitatu pamoja, kiti sakafuni, picha na maana ukutani. Mtazame ukiwa na vitanda vitatu kichwani, ila kwake hakuna kilichowekwa juu ya kingine, vyote viko usawa mmoja, na swali kipi ndo kiti anakuachia wewe. Hiyo sio sanamu kwa maana ya kuchonga lakini imewafungulia mlango wengi waliofuata.

Kwa upande wa kupotosha vipimo mtazame Robert Lazzarini, Mmarekani, mafuvu yake ya mwaka 2000. Alichukua umbo la fuvu akalivuta na kulipinda kwa kompyuta kisha akalitengeneza kwa mchanganyiko wa resini na mfupa. Unazunguka ukitafuta mahali pa kusimama ili lije sawa, na hapo mahali hapapo. Wale wachongaji wa Plato walipotosha ili ionekane sawa toka chini, huyu kapotosha na kaondoa sehemu ya kusimama. Ukimaliza kuzunguka unakuwa umeelewa Sophist kuliko ukiisoma mara mbili.

Mzee wa Marumaru, shikamoo. Hoja ya Cleiton naikubali kabisa, ila naona unampa Wu Weishan faida ambayo mahali ndo pamempa. Iondoe ile kazi pale Agora ipeleke kwenye ukumbi wa hoteli, bado itasema hayo uliyosema?

Mzee wa Marumaru

Marahaba mwanangu. Itasema kwa sauti ndogo zaidi, hilo nakubali. Lakini mahali nako ni sehemu ya kazi, hakuna mchongaji mwenye akili anayetengeneza sanamu bila kujua itasimama wapi na nani atapita mbele yake. Hata hao wa Plato walijua mtazamaji yuko chini, ndo maana waliongeza kichwa. Mimi siiti huo udanganyifu, naita kumheshimu anayetazama.

Patasi_Butu

Wakuu mmenipa kazi ya wiki nzima, asanteni sana. Mzee shikamoo, nimekuelewa, na zile sababu nne nimeshaziandika.

Kuna kitu kimenikaa tangu jana, ile hesabu ya Fundi Pembe ya 20 kuwa 4 na 8 na 8. Nafikiria nitengeneze pembetatu 20 tu, zote sawa, zikianza zimeungwa kuwa umbo la maji, alafu zinavunjwa na kuungwa kuwa moto mmoja na hewa mbili, na wageni wa maonyesho ndo wanaofanya kwa mikono yao, kwahiyo kila saa kazi iko kwenye hali tofauti na hakuna saa ambayo ndo yenyewe imekamilika. Na nataka ziungwe kwa sumaku, hakuna skrubu wala bawaba, ili ule mvuto wa Thales ndo uwe unashikilia dunia ya Plato. Nilifikiria bati la chuma la milimita 3. Inawezekana kweli? Na ukingo mmoja utawezaje kukaa kwenye maumbo matatu tofauti wakati pembe zinabadilika?

Fundi Pembe

Wazo zuri sana hilo, usiliache. Pembe ndo mtihani wako mkubwa, piramidi inataka digrii 70.5 kati ya uso na uso, la nyuso 8 linataka 109.5, la nyuso 20 linataka 138 na ushee. Ukiukata ukingo kwa mshazari wa umbo moja umeyakosa mengine mawili. Suluhisho ni kuuviringisha ukingo uwe nusu duara, unene wa ubao ndo kipenyo chake, hapo pembetatu mbili zinaweza kubingirika moja juu ya nyingine na kukaa pembe yoyote. Ila sasa ubao uwe mnene, milimita 3 ni kidogo mno, nenda 10 au 12. Na ncha za pembetatu zikate kidogo, kwa sababu kwenye umbo la maji kila kona zinakutana tano na kwenye moto zinakutana tatu, ukiziacha kali zitagombana na kuvunjika.

Nuru wa Karakana

Na chuma sahau, sumaku itang'ang'ania bati lake lenyewe na haitabaki na nguvu ya kumvuta jirani. Tumia mbao au alumini.

Sumaku zenyewe chukua za mche duara, ndefu na nyembamba, ambazo ncha za kaskazini na kusini ziko ubavuni na sio kwenye miisho. Usizigundishe. Toboa tundu refu sambamba na ukingo, pana kidogo kuliko sumaku, uiache ndani iwe huru kuzunguka kisha uzibe mdomo. Ukisogeza ukingo karibu na mwingine zile sumaku mbili zinajigeuza zenyewe mpaka zinavutana, kwahiyo haijalishi mgeni kashika upande gani au kageuza pembetatu vipi, na utasikia zinagonga ndani ya mbao wakati zinajigeuza. Kingo ni 60 jumla, kwahiyo sumaku zisipungue 60, ongeza na za akiba. Mdomo uzibe kwa gundi ya epoksi na kizibo cha mbao ukipige msasa kabisa, kwenye maonyesho wanakuja watoto na hizo sumaku zikimezwa mbili zinabanana utumbo, ni hatari kubwa.

Anza na pembetatu nne tu, uone kama moto unasimama.